William Carey, Fundi Viatu wa Chuo cha Serampore

Ukipanda mashua Calcutta ukaufuata mto Hooghly kwenda kaskazini, baada ya maili 14 hivi utafika mji mdogo uitwao Serampore. Katika ukingo wa magharibi, likiutazama mto, limesimama jumba kubwa lenye nguzo nene mbele yake na ngazi za chuma ndani yake. Hicho ndicho Chuo cha Serampore, kilichoanzishwa mwaka 1818 na Waingereza watatu wa dhehebu la Wabaptisti. Si chuo kikubwa, wala hakikupata kuwa kikubwa. Lakini jina la mmoja wa wale watatu, William Carey, limeenea duniani kote, na wengi wetu tumelikuta katika vitabu vya historia.

Vitabu hivyo humsifu sana, na aghalabu humsifu kwa haraka mno: alikuwa fundi viatu, akaenda Bara Hindi, akafasiri Biblia katika lugha nyingi, akafa. Mimi napenda kumsimulia polepole kidogo, hasa kwa sababu ya chuo chake. Mambo waliyobishania wale waliokijenga, yaani nani asomeshwe, asomeshwe nini, na kwa lugha gani, ni mambo ambayo sisi tulio madarasani bado tunabishana usiku mabwenini, na ninyi mliokwisha kumaliza shule mnabishana katika mabaraza yenu.

Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1761 katika kijiji cha Paulerspury, jimbo la Northamptonshire, Uingereza. Baba yake, Edmund, alikuwa mfumaji wa nguo, na mtoto alipokuwa na miaka sita hivi baba akapata kazi ya karani wa kanisa na mwalimu wa shule ya kijiji. Basi kijana alipata kusoma na kuandika, jambo ambalo watoto wengi wa maskini wa siku zile hawakulipata. Lakini shule ya kijiji iliishia pale pale. Alijaribu kazi ya shamba, ngozi yake ikawa haivumilii jua, akapelekwa kijiji cha jirani kujifunza kushona viatu.

Hapo ndipo elimu yake ilipoanza hasa. Katika nyumba ya fundi wake alikuta kitabu cha maelezo ya Maandiko chenye maneno ya Kiyunani, asijue hata herufi moja. Hakukiacha. Aliyanakili maneno yale, akaenda kumwuliza mtu mmoja aliyeyajua. Tangu siku hizo hakuacha kujifunza lugha mpaka uzeeni. Alijifunza Kilatini, Kiyunani, Kiebrania, Kifaransa, Kiholanzi na Kiitalia, kitabu kimekaa wazi karibu na ngozi na sindano. Mwenyewe alipenda kusema kwamba hakuwa na akili kupita wengine, ila alijua kukaza mwendo katika jambo moja. Sijui kama tumwamini katika hilo la akili, lakini la kukaza mwendo hapana shaka.

Mwaka 1781, naye hajafikisha miaka 20, alimwoa Dorothy Plackett, msichana wa kijijini aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa. Siku ya harusi Dorothy alitia alama ya msalaba katika daftari, kwa sababu hakujua kuandika jina lake. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikufa kwa homa akiwa mdogo sana. Mwaka 1783 Carey alibatizwa mtoni kwa desturi ya Wabaptisti, na baada ya muda akawa mchungaji wa kanisa dogo la kijiji cha Moulton. Mshahara haukutosha, kwa hiyo alisomesha watoto mchana na kushona viatu usiku. Katika kufundisha jiografia alitengeneza ramani ya dunia kwa mkono wake, akaibandika ukutani, na juu ya kila nchi akaandika hesabu ya watu wake na dini yao. Alikuwa amesoma safari za Kapteni Cook, na nchi za mbali hazikutoka moyoni mwake.

Mwaka 1792 alitoa kijitabu cha kuwahimiza Wakristo wa Uingereza wapeleke watu katika nchi hizo. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, wachungaji wachache walikutana katika nyumba ya mjane mmoja mjini Kettering, wakaanzisha Chama cha Misioni cha Wabaptisti. Ahadi zao ziliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa katika kikopo cha ugoro. Zilipohesabiwa, jumla ilikuwa paundi 13, shilingi 2 na senti 6 za Kiingereza. Ndiyo fedha iliyotarajiwa kuwapeleka watu upande wa pili wa dunia!

Hapa imenibidi nisimame niseme habari za Dorothy, maana waandishi wengi humpitia kwa mstari mmoja tu. Mumewe alipojitoa kwenda Bara Hindi, yeye alikataa. Hakuwa amewahi kuiona bahari, alikuwa na watoto wadogo, naye alikuwa karibu kujifungua. Carey aliazimia kwenda bila ya yeye, akimchukua mtoto wao mkubwa, Felix. Ikawa safari ikazuiliwa kwa ajili ya ruhusa, kwa sababu Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bengali haikuwataka wamisioni. Katika siku zile za kungoja, yule daktari aliyekuwa asafiri pamoja na Carey alimwendea tena Dorothy na kumsihi sana. Akakubali, kwa sharti kwamba dada yake afuatane naye. Tarehe 13 Juni 1793 waliondoka Uingereza katika merikebu ya Kidenmark, Dorothy akiwa na mtoto mchanga mikononi. Walifika Bengali mwezi wa Novemba.

Fedha ziliisha upesi. Walihama nyumba baada ya nyumba, mpaka wakajikuta katika nchi ya vinamasi na chui kusini mwa Calcutta. Mwaka 1794 Carey alipata kazi ya kusimamia kiwanda cha nili huko Mudnabati, na maisha yakatulia kidogo, lakini mwaka ule ule mtoto wao Peter, mwenye miaka mitano, akafa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Mama yake hakupona pigo lile. Akili yake iliharibika. Alimshuku mumewe mambo ambayo hayakuwapo, akamfuata njiani akimtukana, na mara nyingine akamtishia kwa kisu. Ilibidi afungiwe chumbani. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 12 hivi, mpaka alipofariki tarehe 8 Desemba 1807. Zile tafsiri ambazo dunia inazisifu zilifanywa katika chumba kilicho karibu na kile cha mwanamke huyu. Carey alivumilia sana, hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Dorothy ndiye aliyelipa bei kubwa kuliko wote kwa ajili ya kazi ambayo hakuichagua, na mtu akisimulia habari za Serampore bila kumtaja yeye, hajasimulia yote.

Mwaka 1799 wamisioni wapya walifika kutoka Uingereza. Miongoni mwao walikuwamo William Ward, aliyekuwa mpiga chapa na mwandishi wa magazeti, na Joshua Marshman, mwalimu wa shule, pamoja na mkewe Hannah. Kampuni ya Kiingereza ilikataa wasikae katika nchi yake. Wakakimbilia Serampore, kwa kuwa mji ule mdogo ulikuwa mali ya Mfalme wa Denmark, na Gavana wake, Ole Bie, akawapokea kwa ukarimu na kuwakinga. Tarehe 10 Januari 1800 Carey alihama akajiunga nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba kazi mashuhuri ya Waingereza katika Bengali ilikua chini ya bendera ya taifa jingine.

Waliishi jamaa moja. Waliweka mfuko mmoja. Kila alichopata mtu kiliingia humo, na kila mmoja alipewa posho kidogo ya chakula na mavazi. Bibi Hannah Marshman alifungua shule za bweni ambazo karo yake ilikuwa tegemeo kubwa la nyumba nzima, na ndiye aliyewalea wana wa Carey waliokuwa wakizurura ovyo kama watoto wasio na mama. Mwaka 1801 Carey alipewa kazi ya kufundisha Kibengali na Kisanskriti katika Chuo cha Fort William, Calcutta, ambacho serikali ilikuwa imekifungua kwa ajili ya vijana wa Kiingereza watakaokuwa watawala. Mshahara wake ulikuwa rupia 500 kwa mwezi, baadaye rupia 1,000. Yule fundi viatu asiyepata kukanyaga chuo chochote akawa mwalimu wa watoto wa mabwana. Karibu mshahara wote ukaingia katika ule mfuko.

Kazi ya kupiga chapa inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyokizaa chuo. Agano Jipya la Kibengali lilitoka mwaka 1801, na mwaka ule ule Carey akatoa kitabu cha sarufi ya Kibengali. Wakati ule Kibengali kilikuwa na mashairi mengi ya kale, lakini vitabu vya nathari vilikuwa haba, na wenye elimu walikidharau, wakaona Kisanskriti na Kiajemi ndizo lugha za wasomi. Carey hakufanya kazi peke yake, ingawa picha za vitabuni humwonyesha peke yake na kalamu. Mwandishi Ramram Basu ndiye aliyemfundisha Kibengali. Panditi Mrityunjay Vidyalankar alikaa naye Fort William na kutunga vitabu vya kusomesha. Na mhunzi Panchanan Karmakar ndiye aliyechonga herufi. Fikiri kazi hiyo: kila herufi ya Kibengali, na kila muungano wa herufi mbili au tatu, ichongwe juu ya ncha ya chuma, ndipo madini yamiminwe. Alipokufa Panchanan, mkwewe Manohar aliendelea, na karakana ya Serampore ikatoa herufi za lugha nyingi za Asia.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1812 nyumba ya chapa iliungua. Karatasi, herufi, na miswada ya miaka mingi, pamoja na kamusi kubwa ya lugha nyingi ambayo Carey alikuwa akiitunga, vyote viligeuka majivu. Mitambo yenyewe ilisalimika. Kesho yake walifukua risasi iliyoyeyuka kutoka katika majivu, wakaanza kumimina herufi upya, na michango ikaja kutoka Uingereza. Mwaka 1820 waliagiza kutoka huko injini ya mvuke ya kuendesha kinu cha karatasi, kwa sababu karatasi ya nchi ililiwa na wadudu. Inasemekana watu walikuja makundi kwa makundi kuitazama.

Kuhusu zile tafsiri, tuseme kweli. Kabla ya kufa kwake Biblia nzima au sehemu zake zilikuwa zimepigwa chapa Serampore katika lugha karibu 40. Hesabu hiyo ni ya kushangaza, na ndiyo udhaifu wake. Nyingi zilifanywa kwa msaada wa mapanditi katika lugha ambazo Carey hakuwa amezisikia zikisemwa katika vijiji vyake, na zilipofika huko wenyeji hawakuzielewa vizuri. Ilibidi wengine wazifasiri upya. Kibengali ndicho alichokijua kwa undani, na hata hicho alikisahihisha mara kwa mara mpaka uzeeni. Nafikiri ingemfaa kufanya lugha chache zaidi.

Sasa tufike chuoni. Kufikia mwaka 1818 watu wa Serampore walikuwa na shule zaidi ya 100 vijijini, zenye maelfu ya watoto waliojifunza kwa Kibengali kusoma, hesabu, jiografia na habari za jua na nyota. Mwaka huo huo walitoa gazeti la Kibengali lililoitwa Samachar Darpan, mojawapo ya magazeti ya kwanza kabisa katika lugha hiyo. Lakini walimu wa shule zile watoke wapi? Na wachungaji wenyeji je? Wazungu watatu wenye umri mkubwa hawawezi kuhubiri na kufundisha nchi yenye mamilioni ya watu. Basi mwezi wa Julai 1818 walitangaza nia ya kujenga chuo cha vijana wa Asia, Wakristo na wasio Wakristo, wafundishwe elimu ya Mashariki pamoja na sayansi ya Ulaya.

Katika tangazo lile mna mambo mawili yaliyowashtua watu. La kwanza, mlango ungekuwa wazi kwa kila kijana, wa tabaka lolote na dini yoyote, na asiye Mkristo asilazimishwe jambo lililo kinyume cha dhamiri yake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 37. Wapatao nusu walikuwa Wakristo, waliosalia wengi wao Wahindu. La pili ni lugha. Elimu ingetolewa kwa lugha za nchi. Kisanskriti kingefunzwa ili kijana asidharauliwe na Wabramini kuwa hana elimu. Sayansi ingefunzwa kwa Kibengali. Na Kiingereza kingefuata kwa wale waliokwisha kupata msingi imara. Carey na Marshman waliona kwamba kijana anayefundishwa kila kitu kwa lugha ya kigeni hutengwa na watu wake, akarudi kijijini akiwa na elimu asiyoweza kumpa mama yake.

Wapo waliopinga tangu mwanzo. Ward alikwenda Uingereza na Marekani kuchangisha fedha, na baadhi ya wafadhili wa Marekani walitoa kwa sharti kwamba fedha yao isitumiwe kufundisha sayansi, bali theolojia tu. Carey alikasirika, naye hakuwa mtu wa kukasirika upesi. Aliuliza ni namna gani mtu aweza kuandaliwa kuwa mchungaji hali amenyimwa maarifa ambayo watoto wa wale wafadhili wenyewe hufundishwa. Mwaka 1821 Ward alirudi pamoja na kijana Mskoti, John Mack, ambaye alifundisha kemia na sayansi nyingine, na mwaka 1834 akatoa kitabu cha kemia katika Kibengali. Hebu wenzangu mnaotaabika na kemia katika maabara yetu, fikirini kazi ya kutafuta majina ya vitu vile katika lugha ambayo haijapata kuwa na hata kimoja!

Jengo lenyewe lilijengwa kwa fedha ambayo sehemu kubwa yake ilitoka mifukoni mwa wale watatu. Walisema kwamba michango ya watu wa nje iende kwa wanafunzi na walimu, na matofali wao watayalipa. Gavana Mkuu wa Kiingereza, Marquess wa Hastings, alikubali kuwa mlezi wa chuo, na Gavana wa Kidenmark, Krefting, akawa gavana wake wa kwanza. Carey alifundisha humo theolojia na elimu ya mimea. Hiyo ya mimea ilikuwa furaha yake. Alikuwa na bustani kubwa pale Serampore, akibadilishana mbegu na wataalamu wa nchi nyingi, na mti mmoja wa Bara Hindi umeitwa kwa jina lake, Careya. Mwaka 1820 ndiye aliyeanzisha chama cha kilimo na bustani katika Bengali. Mwaka 1823 mafuriko ya mto yaliharibu bustani hiyo na nyumba yake, naye akiwa mgonjwa wa mguu, kisha akaagiza mbegu na kuanza tena. Mwaka huo huo Ward alikufa kwa kipindupindu.

Mwaka 1826 Marshman alisafiri mpaka Copenhagen kuonana na Mfalme Frederick VI. Alirudi na jambo kubwa: tarehe 23 Februari 1827 Mfalme alitia sahihi hati iliyokipa Chuo cha Serampore uwezo wa kutoa digrii, sawa na vyuo vikuu vya Copenhagen na Kiel.  Wala hati haikubagua wanafunzi kwa dini yao. Lakini kwa miaka mingi hawakuitumia. Ilikaa kabatini, kama bunduki ambayo mwenye nyumba anajua ipo.

Sababu ni kwamba chuo kilikuwa katikati ya ugomvi mbaya. Rafiki zao wa zamani wa Kettering walikuwa wamekwisha kufa mmoja mmoja, na kamati mpya ya Chama huko London ilitaka majumba na mali yote ya Serampore yawe chini yake. Wale wazee wakajibu kwamba mali ile waliinunua kwa kazi ya mikono yao, wakaishika kwa amana tu, wala hawakujiwekea kitu. Wamisioni vijana waliotumwa kutoka Uingereza hawakupatana na wazee. Wakajitenga na kukaa Calcutta. Marshman alisingiziwa kwamba anatajirisha jamaa yake. Maneno yalichapishwa magazetini, yakajibiwa, yakajibiwa tena. Mwaka 1827 Serampore na Chama wakatengana kabisa. Nikiwasoma watu hawa naona pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo: mali ya amana yahitaji hesabu iliyo wazi, na mtu aliyeko London hawezi kuendesha chuo kilicho ukingoni mwa Hooghly. Lakini tusi lile juu ya Marshman halikuwa na haki hata chembe.

Kisha ikaja hasara ya fedha. Mwezi wa Januari 1830 kampuni kubwa za biashara za Calcutta zilianza kufilisika, na akiba za shule na chuo zilizowekwa humo zikapotea. Mwaka ule ule serikali ilipunguza matumizi ya Fort William, na Carey, mwenye karibu miaka 70, akaondolewa kazini kwa pensheni ya rupia 500. Kipato alichokuwa akiendeshea shule kikakatwa nusu.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi moja ambayo yafaa ikumbukwe. Tangu alipofika Bengali aliwahi kuona kwa macho yake mjane akichomwa hai pamoja na maiti ya mumewe, naye hakuacha kuiomba serikali iikomeshe desturi ile. Wenyeji wenyewe, na hasa Rammohun Roy, walipigania jambo hilo kwa ushujaa mkubwa. Tarehe 4 Desemba 1829 Gavana Mkuu Bentinck alitoa sheria ya kuipiga marufuku. Ililetwa kwa Carey aifasiri katika Kibengali, ikamfikia Jumapili asubuhi alipokuwa anajiandaa kwenda kuhubiri. Alimtafuta mwingine ashike zamu yake, akakaa na panditi wake, na hata jioni kazi ilikuwa imekwisha. Aliona kila siku ya kukawia ni roho za wanawake.

Mwaka 1830 kijana Mskoti, Alexander Duff, alifika Calcutta, akaenda kumsalimu mzee Serampore. Walionana kwa heshima. Lakini Duff akafungua Calcutta shule ya kufundisha kwa Kiingereza, ikajaa wanafunzi siku chache tu, maana vijana waliijua lugha itakayowapatia kazi serikalini. Mwaka 1835 serikali nayo ikaamua kwamba fedha ya elimu itumike kwa elimu ya Kiingereza. Njia ya Serampore ikashindwa. Nasema ilishindwa, sisemi ilikosea. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na vitabu vya kemia na jiografia vya Kibengali vilivyotungwa kule viliwafungulia njia wengine waliokuja kuifanya lugha ile kuwa mojawapo ya lugha zenye fasihi kubwa duniani.

Carey hakuyaona hayo. Alifariki Serampore tarehe 9 Juni 1834, miaka 41 tangu aondoke kwao, bila kurudi Uingereza hata mara moja. Mikononi mwake zilikuwa zimepita rupia nyingi mno, lakini katika wasia wake aliagiza sehemu ya vitabu vyake viuzwe ili mwanawe mmoja apate fungu, kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kumwachia. Mikusanyo yake ya madini, kombe na wadudu alikipa chuo. Marshman, wa mwisho wa wale watatu, alikufa mwezi wa Desemba 1837, mwaka ule ule ambao Serampore na Chama walipatana tena.

Mwaka 1845 Denmark ilichoka na mji ule usioleta faida, ikauuza kwa Waingereza. Waliouza hawakusahau chuo. Katika mkataba wa mauzo kiliwekwa kifungu kwamba haki zilizotolewa na Mfalme kwa Chuo cha Serampore zidumu. Bendera ilishushwa, nyingine ikapandishwa, na ile hati ikabaki kabatini. Mwaka 1857 chuo kiliungwa na Chuo Kikuu kipya cha Calcutta, kikawa kama vyuo vingine. Mwaka 1883 masomo ya kawaida yalifungwa, kikabaki mahali pa kufundishia wahubiri tu. Ungesema kimekufa.

Aliyekifufua ni mkuu wake mmoja, George Howells, mwanzoni mwa karne ya 20. Alirudisha masomo ya kawaida, kisha akaitoa hati ile ya mwaka 1827. Mwaka 1915, miaka 88 baada ya Mfalme Frederick kutia sahihi, digrii za kwanza za theolojia zilitolewa kwa nguvu yake, na mwaka 1918 Baraza la Bengali likapitisha sheria ya kuithibitisha. Tangu hapo vyuo vingi vya theolojia vya madhehebu mbalimbali katika Bara Hindi na nchi za jirani hutoa digrii kwa jina la Serampore. Na mchana, katika jumba lile lile la nguzo, vijana wa mji, Wahindu, Waislamu na Wakristo, husoma sayansi, biashara na fasihi, na Kibengali ni mojawapo ya masomo yao.